Watu wa Jina Moja: Desturi za Vikundi vya Walioacha Pombe Nairobi

Kikundi cha watu walioacha pombe jijini Nairobi mara nyingi hukutana katika chumba cha kuazima: ukumbi wa kanisa, darasa la shule ya Jumapili, chumba cha mikutano katika kituo cha matibabu. Viti ni vya plastiki, vimepangwa duara au safu zinazotazamana, na pembeni pana meza yenye chupa ya chai, vikombe na vijitabu. Wanaokaa pale hawalipi kiingilio, hawajaandikishwa popote, hawana mwenyekiti wa kudumu, na kila mmoja anajulikana kwa jina moja tu. Watasomeana, watazungumza mmoja mmoja, watasikilizana kwa muda wa saa moja au moja na nusu, kisha watatawanyika kuelekea vituo vya matatu.

Vingi vya vikundi hivi ni vya ushirika wa Alcoholics Anonymous, ambao Nairobi hujulikana kwa herufi zake mbili, AA. Ulianzia Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1935. Waanzilishi wake walikuwa Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, na Robert Smith, daktari wa upasuaji. Wote wawili walikuwa walevi walioshindwa na kila dawa na kila kiapo, wakagundua kwamba mlevi akikaa na mlevi mwenzake na kumweleza ukweli, siku hiyo huweza kupita bila kunywa. Mwaka 1939 walichapisha kitabu chenye Hatua 12 za kupona, na mwaka 1946 yakatangazwa Mapokeo 12 yanayoeleza jinsi kikundi kinavyojiendesha. Hatua na mapokeo hayo ni yale yale kila nchi. Lakini yamekaa katika mji wenye mila zake za kunywa, za kushuhudia, za kuheshimu wazee na za kuficha aibu, na jamii ndogo iliyotokana nayo Nairobi ina desturi zinazostahili kuelezwa kwa mapana yake.

Uzito wa kuacha pombe katika mji huu hautokani na kiu peke yake. Pombe imeingia katika urafiki. Mtu huagiza raundi ya meza nzima, anayefuata huagiza yake, na anayeondoka kabla ya zamu yake ameacha deni. Anayekataa ya mwenzake amemkosea. Mkataba wa kazi husherehekewa baa, na talaka huliliwa baa. Ijumaa imepewa jina la Furahidei. Mwisho wa mwezi, mshahara unapoingia, meza za nyama choma kuanzia Westlands hadi Ngong Road hujaa watu ambao wengine wao hawatakuwa na nauli ya Jumatatu. Asubuhi kuna kutoa loki, yaani kinywaji cha kwanza cha kutuliza mikono inayotetemeka, jambo ambalo kwa wanywaji ni mzaha na kwa daktari ni dalili. Mtu anayetaka kukataa bila ugomvi ana kisingizio kimoja kinachokubalika kila mahali: "Niko kwa dawa." Kwa wiki moja kinatosha. Kikifika mwezi, marafiki huanza kuuliza kama ameokoka, na kwa mwezi wa pili wameacha kumpigia simu. Mtu huyo hajapoteza pombe tu. Amepoteza watu wake wote kwa mkupuo, na ndiyo maana wengi hurudi.

Hali haikuwa hivi tangu zamani. Miongoni mwa Wakikuyu, muratina, iliyopikwa kwa asali au maji ya miwa pamoja na tunda la mwegea lililokaushwa, ilikuwa ya wazee na ya shughuli maalumu: kuposa, kulipa mahari, kusuluhisha kesi, kuwamwagia mababu. Waluhya na majirani zao walikaa kuzunguka chungu cha busaa ya mahindi na wimbi, kila mzee na mrija wake mrefu, na kijana hakuwa na mrija. Pombe ilikuwa na msimu, kwa kuwa nafaka ina msimu, na ilikuwa na walinzi, kwa kuwa waliokaa pale walikuwa baba, ami na wakwe. Mji ulivunja mipaka hiyo. Katika miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi liliwakamata wanawake waliopika pombe ya kienyeji, huku likiuza pombe yake lenyewe katika ukumbi wa Pumwani na kupata mapato kwayo. Mwaka 1922 kiwanda cha bia kilianzishwa Ruaraka. Mwanamume aliyetoka kijijini alijikuta ana pesa kila mwezi, baa kila siku, na hakuna mzee wa kumwambia imetosha.

Sheria imekuja na kurudi. Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, ikaendelea kupikwa kandokando ya mito na kuuzwa na mama pima kwa kipimo cha glasi. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, pombe iliyochanganywa na methanoli iliua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Sheria ya mwaka 2010, inayojulikana kwa jina la mbunge aliyeipigania, John Mututho, iliiruhusu chang'aa kwa masharti ya usafi na leseni, na ikaweka saa za baa: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Methanoli iliua tena makumi ya watu Mei 2014, na mapema mwaka 2024 ikaua wengine Kirinyaga. Utafiti wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria mwaka 2022 kwamba Wakenya zaidi ya milioni 3 wa umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakinywa, na kwamba mtu 1 kati ya kila 20 wa umri huo alikuwa na uraibu wa pombe. Hao wa mwisho ni zaidi ya milioni 1.3. Sheria za saa na leseni haziwafikii wakiwa wamekaa peke yao nyumbani na mzinga, yaani chupa ya pombe kali.

Njia ya kufika kwenye kikundi ni nadra kuwa moja kwa moja. Kwanza hujaribiwa vya nyumbani: kiapo mbele ya mama mzazi, kubadilisha pombe kali kwa bia, kuhama mtaa, kufunga na kuomba. Wapo wanaopelekwa na wake zao kwa mchungaji, na wapo wanaofungiwa na kaka zao. Baraza la ukoo likiamua, huchangwa pesa na mtu akapelekwa rihabu, yaani kituo cha kutibu uraibu, ambako kwa kawaida hukaa siku 90. Nyingi za rihabu hizo, zilizotapakaa Karen, Limuru, Kiambu na kwingineko, hufundisha Hatua 12, na wakazi wake husafirishwa kwa gari kwenda mikutano ya nje ili wazoee watakakokwenda wakitoka. Wengine huelekezwa na daktari au mshauri nasaha wa hospitali, au huipigia NACADA nambari ya bure 1192. Walio wengi huletwa na mtu: mfanyakazi mwenzao aliyebadilika bila maelezo, shangazi aliyesikia kwa shangazi mwingine.

Kuna jambo moja la hatari ambalo wenye uzoefu vikundini huwaambia wapya mapema. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu hapaswi kuacha ghafla akiwa peke yake. Mwili uliozoea pombe, ukinyimwa, unaweza kuingia katika kifafa, kuweweseka na kuona visivyokuwepo, na hali hiyo huua. Anayetetemeka, kutapika au kutokwa jasho jingi apelekwe hospitali kwanza; Nairobi kuna Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Hospitali ya Mathari, iliyo na kitengo cha waraibu. Kikundi si hospitali, na kikundi kizuri hakijifanyi kuwa hospitali.

Mahali na saa za mikutano hufuata mwendo wa jiji. Katikati ya mji, penye ofisi, mkutano wa saa ya chakula cha mchana humfaa karani, wakili na mchuuzi kwa pamoja, maana hakuna anayeshangaa mtu akiingia jengo la kanisa saa saba mchana; ibada za saa hiyo ni jambo la kawaida Nairobi. Upande wa magharibi, kuanzia Kilimani na Hurlingham hadi Lavington, Westlands na Karen, mikutano hupendelea jioni na Jumamosi asubuhi. Jioni ndiyo saa baa zinapofunguliwa, na kuwa na pa kwenda saa hiyo ni nusu ya tiba. Mkazi wa Kawangware huweza kufika Lavington kwa miguu, kama wanavyofanya maelfu wanaokwenda kufanya kazi huko, au akapanda matatu ya namba 46. Hivyo katika chumba kimoja hukaa mwenye nyumba yenye ua wa maua na mtu anayefyeka ua wa namna hiyo, na hapana mahali pengine pengi jijini ambapo hao wawili hupewa muda sawa wa kusema.

Kabla ya chumba kuna geti. Karibu kila ua wa kanisa, shule au ofisi magharibi mwa Nairobi una askari, na askari ana daftari. Daftari lina safu za jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, saa ya kuingia na shughuli. Kwa mtu ambaye mkono wake bado unatetemeka, na ambaye amekuja mahali alikoahidiwa kwamba jina lake halitaulizwa, ukurasa huo ni kizuizi kikubwa kuliko inavyodhaniwa. Wapo waliofika getini mara kadhaa na kugeuka. Vikundi vyenye uzoefu vimejifunza kuzungumza mapema na wenye ua, askari akaelezwa kwamba jioni fulani kuna mkutano, na anayesema "mkutano" apite. Katika sehemu nyingine mwanachama mmoja hutumwa kusimama karibu na geti robo saa kabla, akiwa na simu mkononi kana kwamba anangoja mtu, na kweli anangoja. Humtambua mgeni kwa jinsi anavyositasita, humsalimia, huingia naye. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza ambayo kikundi humfanyia mtu, na katika mji wenye mageti mengi namna hii pengine ndiyo kubwa kuliko zote.

Mkutano wenyewe una utaratibu usiobadilika sana. Anayeongoza, ambaye kazi hiyo huipokea kwa zamu, hufungua kwa ukimya mfupi na sala ya kuomba utulivu. Husomwa maelezo ya ushirika, kisha Hatua, kila mtu aya yake, kwa Kiingereza au Kiswahili kulingana na mtaa. Lavington na Karen Kiingereza hutawala. Ukielekea Kangemi au Kawangware, Kiswahili na Sheng hushika nafasi. Huulizwa kama yupo aliyekuja kwa mara ya kwanza. Hakuna anayelazimishwa kujibu. Akijibu, hutaja jina lake, na wote humwitikia kwa pamoja kwa jina hilo. Mikutano ni ya aina mbili: ya wazi, ambayo ndugu, mwanafunzi au mtu yeyote anaruhusiwa kukaa na kusikiliza, na ya ndani, ya wenye tatizo lenyewe tu. Sharti la kuwa mwanachama ni moja: nia ya kuacha kunywa. Aliyekunywa siku hiyo hazuiwi getini wala hafukuzwi. Ataombwa tu asikilize leo, azungumze siku nyingine.

Kila anayesema hutanguliza jina na kukiri kuwa yeye ni mlevi, hata kama hajaonja kwa miaka 20. Mgeni hushangazwa na hilo. Katika Kiswahili cha mtaani "mlevi" ni tusi, ni mtu anayelala mtaroni, na hapa linatamkwa kwa sauti ya kawaida na mwanamke aliyevaa suti ya benki. Kisha msemaji hueleza mambo matatu kwa mpangilio wake mwenyewe: alivyokuwa, kilichotokea, na alivyo sasa.

Watu waliolelewa katika makanisa ya Kenya wanaijua namna hii ya kusema. Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, na kufika Kenya mwaka 1937 uliwafundisha waumini kusimama mbele ya ndugu na kutaja dhambi kwa jina, na ushuhuda ukawa sehemu ya ibada, ya mazishi, hata ya harusi. Kwa hiyo Mkenya haoni ajabu kuusikia ukiri wa hadharani. Anachoona kigeni ni jinsi unavyopokewa. Hapigiwi vigelegele, haitikiwi amina, haitwi mbele kuombewa. Akimaliza hushukuriwa kwa neno moja na mwingine huanza. Wala hajibiwi. Ni mwiko kumkatiza msemaji, kumshauri, kumsahihisha au kumrejelea kwa jina katika maneno yako. Katika jamii ambayo mzee akimsikia kijana anapotea ana wajibu wa kumwonya papo hapo, ukimya huu ni desturi ngumu kuliko zote kujifunza, na wanaume wa makamo ndio huuvunja mara nyingi. Ushauri hungoja chai.

Jina moja lina kazi nyingine Nairobi ambayo waanzilishi wa Akron hawakuifikiria. Jina la pili la Mkenya hueleza kwao ni wapi. Wafula, Otieno, Mutua, Kiprono, Njoroge: ukilisikia umeshajua kabila, na mwaka wa uchaguzi umeshakisia na kura. Mtu akiwa Peter au Grace tu, hayo yote hubaki nje. Lafudhi huweza kumsaliti, lakini hakuna anayeuliza, na kuuliza ni utovu wa adabu. Vyeo pia huachwa getini. Daktari, mheshimiwa, mchungaji na afande huitwa Paul. Akina Peter wakizidi, hutofautishwa kwa mtaa: Peter wa Kangemi, Peter wa Ngong. Kinachoshindikana ni kumwondolea mzee heshima ya umri. Kijana wa miaka 25 hawezi kumwita mtu wa rika la babake kwa jina kavu, na desturi imekubali kwamba aseme Mzee Joseph, au Mama Grace, bila jina la ukoo.

Ila uzee wa kikundini hauhesabiwi kwa umri. Huhesabiwa kwa siku tangu mtu alipokunywa mara ya mwisho. Mwanamke wa miaka 32 mwenye miaka 8 bila pombe ni mkubwa wa bwana wa miaka 60 mwenye wiki tatu, na bwana huyo huweza kumwomba mwongozo mwenzake aliye mdogo kwa mtoto wake wa kwanza. Nchi ambamo rika hupanga kila kitu, kuanzia nani aketi wapi hadi nani anyamaze, imezaa hapa mpangilio uliopinduliwa, na unafanya kazi kwa sababu kila aliye na siku nyingi alipitia siku ya kwanza. Siku hizo huadhimishwa. Mwezi mmoja, miezi mitatu, mwaka: mtu hupigiwa makofi, vikundi vingine humpa kijisarafu cha kuweka mfukoni, na mwaka ukifika hukatwa keki na kuitwa siku ya kuzaliwa. Mara nyingine mke na watoto hualikwa kwenye mkutano wa wazi wa siku hiyo. Mtoto aliyezoea kujificha kitandani baba akigonga mlango hukaa pale akila keki kati ya watu wanaomwita baba yake kwa jina la kwanza.

Katika siku za mwanzo mgeni huhimizwa kuhudhuria mikutano 90 katika siku 90. Shauri hilo ni zuri, lakini mfanyakazi wa kibarua halitekelezi bila kukosa nauli. Hapo simu imesaidia. Machi 2020 makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, mikutano ilihamia kwenye simu na kompyuta, na ilipofunguliwa tena njia hiyo haikufungwa. Anayeishi mbali hukaa ndani ya mkutano kwa bando la shilingi chache. Wazoefu hata hivyo husisitiza chumba, kwa kuwa kamera huweza kuzimwa na pumzi haipimwi kwa simu.

Chai ina nafasi yake, na pengine nusu ya mkutano imo humo. Ni ya maziwa, yenye sukari nyingi, kwa kuwa mwili uliozoea pombe hutamani utamu, na huandamana na maandazi au mkate. Kazi ya kuipika na kupanga viti hupewa mtu mpya mapema iwezekanavyo. Aliyeaminiwa funguo za stoo na chupa ya chai, baada ya miaka ambayo nyumbani kwake hakuna aliyemwachia hata pesa ya unga, ana sababu ya kurudi wiki ijayo. Kikapu pia hupitishwa. Kila mtu hutia alichonacho kulipia ukumbi, majani na vijitabu, na mgeni huambiwa asitie. Ushirika haupokei msaada wa nje, si wa serikali, si wa kanisa wala wa mfadhili. Nairobi, jiji la mashirika na wafadhili, huu ni msimamo usio wa kawaida, na umeviepusha vikundi na ugomvi mwingi.

Baada ya chai hupatikana mdhamini. Ni mwanachama wa siku nyingi ambaye mgeni humchagua mwenyewe, wa jinsia yake, amwongoze katika Hatua na awe mtu wa kupigiwa simu kabla ya glasi ya kwanza. Uhusiano huu umechukua sura ya malezi ya jando: kuna mambo husemwa kati ya wawili tu, na hayarudi kikundini. Kati ya Hatua hizo, iliyo ngumu zaidi ni ile ya kuwaendea uliowakosea na kutengeneza. Kwa Mkenya hiyo mara nyingi ni safari ya kijijini, kwa mzazi ambaye shamba lake liliuzwa, au kwa wakwe ambao ruracio, shughuli ya mahari ya Wakikuyu, iliharibika mbele yao. Haiendwi mikono mitupu, na haiendwi peke yake. Mtu huambatana na mjomba au rafiki wa kumsemea, kama ilivyo ada.

Imani huleta mjadala. Hatua humtaja Mungu kwa namna ambayo kila mtu anamfahamu, na nafasi hiyo iliachwa makusudi. Baadhi ya wachungaji wa Nairobi huona hiyo ni dini ya pembeni na kuwataka waumini wao watosheke na maombi ya ukombozi. Wengine ndio wanaotoa ukumbi. Waislamu wa jijini, ambao kwao pombe ni haramu na aibu yake ni maradufu, huja wachache na huja mbali na mitaa yao. Kwamba Hatua hizo haziwafai Wakristo peke yao kumethibitishwa Zanzibar, ambako nyumba za kupata nafuu, zinazojulikana kama soba hausi, zilianza mwaka 2009 hasa kwa ajili ya waraibu wa heroini, na walio wengi ndani yake ni Waislamu wanaosali sala zao tano na kufanya Hatua zao 12 chini ya paa moja.

Usiri unadumishwa nje ya chumba kwa adabu iliyokubaliwa. Wanachama wakikutana Moi Avenue, mmoja akiwa na shemeji yake, husalimiana kama watu waliowahi kufanya kazi pamoja. Wengi nyumbani huaga kwa kusema wanaenda chama, na kwa kuwa kila mtu Nairobi ana chama cha kuweka akiba, hakuna anayeuliza zaidi. Kwa wanawake sitara hii ni muhimu kuliko kwa wanaume. Mwanamume mlevi huonewa huruma au huchekwa. Mwanamke mlevi huambiwa ameshindwa kuwa mama, na huweza kupoteza watoto. Wengi wao hunywa kwa siri, nyumbani, chupa ikiwa kabatini nyuma ya unga, na hufika kikundini wakiwa wamechelewa kwa miaka. Ndiyo sababu ya kuwepo mikutano ya wanawake peke yao, ambamo husemwa mambo yasiyosemeka mbele ya wanaume: kipigo, mimba zilizoharibika, pesa za ada zilizonywewa.

Mwaka wa kikundi una majira ya hatari. Mwisho wa mwezi ni hatari ndogo. Desemba ndiyo kubwa. Jiji huhama kwenda mashambani, na huko kuna harusi, mahari na ndugu wanaopima upendo kwa chupa. Kuanzia Novemba mikutano huzungumzia safari. Watu hubadilishana nambari za simu, hupangwa nani atampigia nani asubuhi ya Krismasi. Aliye na wajibu katika shughuli ya ukoo hufundishwa njia za kupita: katika ruracio, familia nyingi zilizookoka zimekwisha kubadilisha muratina kwa soda au uji, na mzee anayeshika kibuyu huweza kukubali kumwaga tone chini kwa niaba ya kijana badala ya kumtaka anywe. Mazishi ni magumu zaidi, kwa sababu ya usiku mrefu wa matanga. Januari baadhi hawarudi. Wanaorudi wakiwa wameteleza huanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza, na desturi inataka wapokewe kwa makofi yale yale. Wasiorudi hutafutwa kwa simu mara chache, si kwa kushurutishwa. Kila kikundi cha miaka mingi kimezika watu wake. Katika mazishi hayo wanachama hukaa nyuma, hujitambulisha kuwa marafiki, na mchango wao huandikwa katika daftari la matanga kwa jina la mtu mmoja.

Familia nayo ina pa kwenda. Al-Anon, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1951 na Lois Wilson, mke wa Bill, ni ya wake, waume, wazazi na watoto wakubwa wa wanywaji, iwe mnywaji ameacha au bado. Humo mke aliyemwaga chupa, aliyelipa madeni, aliyempigia bosi simu kusema mume ana malaria, hujifunza kwamba hakusababisha ulevi ule na hana uwezo wa kuutibu. Kwa mwanamke ambaye mama mkwe wake amemwambia mara nyingi kwamba mume hunywa kwa sababu nyumba haina amani, kusikia hivyo kutoka kwa wanawake wenzake ni nafuu kubwa.

Vikundi vipya huzaliwa kwa sababu za kawaida kabisa. Mtu huchoka na nauli ya kutoka Kikuyu au Ongata Rongai, au mikutano ya karibu yote ni ya Kiingereza na yeye hujieleza vizuri kwa Kiswahili, au ukumbi umepandishwa kodi. Hahitaji idhini kutoka juu, kwa kuwa hakuna juu. Huenda kwa padri, kasisi au mkuu wa zahanati wa mtaa wake, huomba chumba kwa saa moja kwa wiki na kukubaliana kodi ndogo, maana kukaa bure ni kinyume cha mapokeo. Hutafuta mwenzake mmoja mwenye siku kadhaa, hununua chupa ya chai, hupeleka siku na saa kwa vikundi vingine ili vitangaze. Majuma ya mwanzo huweza kukaa wawili peke yao wakisomeana Hatua kwa zamu. Kwa kawaida anayefika wa tatu huwa ametumwa na mke wa mtu, au na askari wa geti, ambaye amekwisha kujua mkutano ule ni wa nini na ana ndugu yake.